Lita 3.7 za oili ya maisha marefu: wiki tatu za kwanza

Jamani, imefika, na tayari iko ndani ya injini! Mdogo wangu anayeishi Houston alikuwa anasafirisha vitu vya nyumbani kwa kontena, nikamsihi anichomekee galoni moja tu la Mobil 1 Extended Performance 5W-30 katikati ya magodoro. Miezi ikapita, kontena likafika bandarini, vitu vikatolewa, na Jumamosi moja saa mbili asubuhi nikajikuta nimekaa barazani kwangu Tabata nimelipakata galoni hilo kama mtoto mchanga, bado limeviringishwa kwenye khanga ya shemeji. Mbele yake kuna maneno ambayo kwa miaka nimeyaona kwenye picha tu: maili 20,000 au mwaka mmoja, kitakachotangulia. Maili 20,000 ni kilomita 32,000! Na hapa mjini kadi ya oili inayoning'inia kwenye magari yetu inatuambia turudi baada ya 3,000.

Tangu siku hiyo kila anayejua nina galoni hilo ananiuliza swali moja: inalipa? Maana kwa bei ya oili ya namna hii unapata karibu magaloni matatu ya 20W-50 ya kawaida. Nasema inalipa, tena inalipa vizuri mno, ila kwa sharti moja ambalo wengi wanaonunua oili ya bei kali hawalitimizi. Sharti hilo nitalifikia. Kwanza niacheni nisimulie ilivyomiminika.

Gari ni IST ya 2004, injini 1NZ-FE ya cc 1,500, na siku hiyo dashibodi ilisoma kilomita 148,200. Injini hii mnaijua hata kama hamjui jina lake. Ndiyo iliyomo kwenye Probox, Raum, Fielder na Allion za 1.5, na kwenye teksi za mtandaoni chungu nzima. Inameza lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta, na lita 3.4 filta ikibaki. Ishikeni hiyo tofauti ya lita 0.3, baadaye tutaihitaji.

Fundi wangu alifungua bolti ya sampu injini ikiwa bado na uvuguvugu. 20W-50 ya zamani ikatoka nyeusi tii, nzito, mkondo mmoja mnene. Tukaiacha ijikamue nusu saa nzima, mpaka ikawa tone, kimya, tone. Bolti ikarudishwa, filta mpya ikapakwa oili kwenye mpira wake na kukazwa kwa mkono. Ndipo nikafungua kizibo cha galoni nikaliinamisha. Mama yangu! Rangi ni ya asali ya nyuki wadogo, lakini mwendo wake si wa asali hata kidogo. Ilikuwa inateremka kwenye faneli kama mafuta ya alizeti yaliyokwisha kupashwa moto, bila kusitasita, bila kuacha utando mzito nyuma yake. Fundi akachovya kidole, akasugua kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Bosi, mbona nyepesi hivi? Kwa joto la Dar hii itakuwa maji."

Hapo ndipo penye kosa kubwa la mitaani, na fundi wangu si wa kulaumiwa, kwani wote tumelelewa na imani kwamba nchi ya joto inataka oili nzito. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaeleza oili ikiwa baridi, na ya pili inaeleza uzito wake ikishafika digrii 100. Sasa asubuhi ya Dar, ambayo sisi tunaiona ya joto, ni digrii 25 tu, na kwa oili, hiyo ni baridi kabisa! Hata kwenye digrii 40, 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Injini inapowashwa, oili nzito bado inajivuta kutoka kwenye sampu wakati vyuma vya juu vinasuguana vikavu. Sehemu kubwa ya ulikaji hutokea katika nyakati hizo za kuwasha na kupasha. Na 1NZ-FE inaitegemea oili kwa mambo zaidi ya kulainisha. Presha ya oili ndiyo inayokaza taiming cheni, na ndiyo inayozungusha VVT-i kupitia kijichujio chenye matundu madogo kuliko ya chandarua. Toyota wenyewe wanaielekeza injini hii kwenye 5W-30. Uzito wa 20W-50 tumeuongeza sisi.

Basi Jumapili, saa kumi na moja na nusu alfajiri, gari limelala usiku kucha. Wenye injini hizi zilizokula kilomita mnakijua kile kikohozi cha kwanza, krrr fupi la cheni kabla oili haijafika, na mimi nimekisikia kila asubuhi kwa miaka minne. Nikazungusha ufunguo. Ikawaka. Krrr haikuwepo! Nikazima, nikatulia, moyo unanidunda, nikajiambia labda ni bahati. Jumatatu, kimya. Jumanne, kimya. Nimerekodi kwa simu asubuhi saba mfululizo, nikamsikilizisha fundi, naye akairudisha ile rekodi mwanzo mara mbili kwa mkono wake mwenyewe. Sisemi kwamba oili imeponya cheni iliyolegea. Ninachosema ni kwamba inafika juu mapema, na masikio yanajua.

Wiki ya pili nikaipeleka Iringa. Karibu kilomita 500, watu wazima wanne na mizigo, joto la Mikumi mchana, halafu Kitonga. Aliyewahi kupanda Kitonga nyuma ya lori lililobeba kontena anajua injini ndogo inavyohenya pale, gia ya pili, ya kwanza, ya pili, huku hakuna upepo wa kupoza chochote. Tulipofika Ilula nikaegesha mahali tambarare, nikasubiri dakika kumi oili iteremke, nikachomoa dipstiki, nikafuta, nikarudisha, nikachomoa tena. Levo palepale! Kwenye safari ileile mwaka jana, na 20W-50, niliongeza oili nilipofika.

Siri ya hili imo kwenye utengenezaji, na ni jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Oili ya kawaida inasafishwa kutoka mafuta ghafi, kwa hiyo molekuli zake ni kama mchele wa gunia: punje nzima, chenga, pumba, na kokoto moja moja. Chenga ndizo hupaa kwa joto na kutoka kama mvuke, na kokoto ndizo hugeuka masizi na uji mweusi. Sinthetiki ya kweli imejengwa punje kwa punje kiwandani, zinalingana. Kuna kipimo kiitwacho Noack, ambapo oili hupashwa digrii 250 kwa saa nzima kisha hupimwa kiasi kilichopaa, na viwango vya oili za petroli za Marekani haviruhusu zaidi ya asilimia 15. Oili isiyopaa haipungui, na ndiyo maana dipstiki yangu ilikaa palepale Ilula.

Lakini maisha marefu hayaletwi na punje peke yake. Kila mlipuko ndani ya silinda unaacha asidi, na oili hubeba akiba ya kuizima, kitu cha tabia ya magadi. Magadi yakiisha, asidi inaanza kula vyuma, hata kama oili bado inateleza vidoleni. Oili ya maisha marefu inatiwa akiba kubwa ya hayo magadi na ya dawa zinazoizuia isioze kwa joto. Ndiyo maana pia rangi haisemi chochote! Oili nzuri inakuwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi, imebeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye mfuniko wa tapeti. Ukiimwaga kwa sababu imebadilika rangi ni sawa na kutupa ufagio kwa sababu umeshika vumbi.

Na wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1972, rubani wa ndege za kivita Mmarekani, Albert Amatuzio, aliingiza sokoni oili ya Amsoil baada ya kuona jinsi oili za sinthetiki zilivyostahimili ndani ya injini za jeti, na ahadi yake ilikuwa maili 25,000 au mwaka mmoja. Mwaka 1972! Huko Ulaya, magari ya Volkswagen yenye oili ya viwango vya 504 00 na 507 00 yanaweza kwenda hadi kilomita 30,000 au miaka miwili, gari lenyewe likihesabu lini liombe oili. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilizilinganisha oili za kawaida na za sinthetiki kwa vipimo vinane, na kwa wastani sinthetiki zikawa mbele kwa asilimia 47. Si tofauti ya kubahatisha hiyo.

Angalizo moja ukiwa dukani: neno "sinthetiki" peke yake halitoshi. Tangu mwaka 1999, baada ya mvutano wa matangazo kati ya Mobil na Castrol huko Marekani, hata oili iliyotokana na mafuta ghafi, ikisafishwa kwa kina sana, inaruhusiwa kubeba jina hilo. Nyingi za aina hiyo ni nzuri kweli. Ila unachotakiwa kusoma ni viwango vya nyuma ya galoni, API SP au SN kwa magari yetu ya petroli, na kilomita ambazo mtengenezaji anathubutu kuziandika.

Sasa tulifikie lile sharti. Ile ahadi ya maili 20,000 ina maandishi madogo, nami nimeyasoma kwa miwani. Inayaweka kando magari ya biashara, mashindano, kuvuta mizigo mara kwa mara, vumbi jingi, na injini kunguruma muda mrefu gari limesimama. Ukiyasoma hayo utadhani mwandishi alikuwa amekaa kwenye foleni ya Ubungo akaangalia nje ya dirisha! Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa aende kukimbiza kilomita 32,000. Mimi nimejipangia 12,000. Kilomita zile za foleni hazimo kwenye dashibodi lakini zimo ndani ya oili, na nimezikata kutoka kwenye ahadi mapema.

Twende kwenye shilingi. Galoni langu lilinigharimu dola thelathini na kitu pamoja na fadhila ya kontena, kwa hiyo si bei ya kumpa mtu mwingine. Nimetumia bei nilizotajiwa madukani mwezi huu. Lita 4 za sinthetiki ya maisha marefu ni shilingi 138,000, lita 4 za 20W-50 ya kawaida ni 48,000, filta nzuri 12,000, fundi 10,000. Oili ya kawaida basi ni 70,000 kila ukiingia gereji. Mimi natembea kilomita 24,000 kwa mwaka. Nikimwaga kila 3,000 kama kadi inavyotaka, ni mara nane, shilingi 560,000. Nikijikaza kufika 5,000, inashuka hadi 336,000 hivi.

Kwa upande wa maisha marefu, mpango wangu ni huu, na naupenda kupita kiasi. Kilomita 6,000 zikifika, nabadilisha filta peke yake, naongeza zile lita 0.3 zilizotoka nayo, na oili inaendelea mpaka 12,000. Galoni la lita 4 linabakiza lita 0.3 kamili baada ya kujaza 3.7, kana kwamba lilipimwa kwa kazi hiyo! Langu la Kimarekani la lita 4.73 limenibakizia lita nzima na ushei. Fundi ananitoza 5,000 kwa filta peke yake, kwa hiyo mzunguko mzima wa kilomita 12,000 ni 177,000, na mwaka mzima ni 354,000.

Kwa hiyo wewe unayemwaga kila 3,000, unaokoa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwaka na injini inakula chakula bora. Wewe wa 5,000 unatoka karibu sare: unaongeza shilingi 18,000 tu kwa mwaka mzima, na kwa hela hiyo unapata kuwaka kimya asubuhi, levo isiyoshuka na safari chache za gereji. Lakini yule anayenunua oili ya 138,000 kisha, kwa woga au kwa mazoea, anaimwaga kwenye 3,000, anateketeza shilingi 1,280,000 kwa mwaka. Nawafahamu watu wa namna hiyo, watu wanaoyapenda magari yao kwa dhati, na inaniuma kuona oili ikiwa bado na nguvu zake zote inaishia kwenye dumu la kupakia mbao dawa ya mchwa. Ulichokilipia ni zile kilomita. Usipozitumia, hukununua kitu.

Filta lazima iwe ya maana. Filta ya bei chee, karatasi yake ikiziba, vali yake inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, na hapo unakuwa na oili ghali iliyobeba mchanga. Filta ya hewa vilevile, hasa kwa wanaokaa barabara za vumbi.

Kuna magari ambayo sitayapeleka kwenye hizo kilomita 12,000. Kama gari lako linatoa moshi wa bluu au linakula oili, kama zile Premio na Allion za mwanzo zenye injini 1ZZ-FE za 1.8 ambazo sifa zao kwenye jambo hilo zinajulikana, oili ya bei kali itaungua kama ya bei rahisi, na hatari ni kuamini namba ya 12,000 huku sampu inakauka mpaka injini inanoki. Mazda CX-5 za dizeli nazo, zile za Skyactiv-D, huchanganya dizeli kwenye oili zinapounguza masizi kwenye ekzosi, levo inapanda badala ya kushuka. Huko fuata kitabu cha gari bila kuongeza hata kilomita moja. Na wenye bodaboda, tafadhali sana, msiitie hii: klachi yenu inaogelea ndani ya oili ileile na itateleza.

Kisha kuna feki. Miaka mitatu iliyopita niliuziwa galoni lenye nembo zote, mhuri wake unang'aa, na ndani mlikuwa na kitu chenye harufu ya oili iliyowahi kutumika ikachujwa. Kwa oili ya maisha marefu feki ni balaa maradufu, kwa sababu unaiacha ndani ukiwa na imani. Nunua kwa wakala anayekupa risiti, angalia namba ya toleo kwenye galoni na kwenye boksi kama zinafanana, na ukishamaliza galoni lako litoboe. Mimi langu likiisha nitalipasua kwa kisu. Tayari nimeshaombwa mara mbili na watu nisiowajua, wanalitaka tupu, kwa hela.

Jana nilifika kilomita 150,540, ndiyo kusema 2,340 tangu oili iingie. Nikachukua karatasi ya kuchujia kahawa, nikadondosha tone moja kutoka kwenye dipstiki, nikaiacha saa nzima juu ya meza. Oili iliyochoka huacha doa jeusi lililoganda katikati lenye ukingo mkali. Tone langu limetawanyika taratibu, katikati rangi ya chai ya rangi, halafu hudhurungi inayofifia, halafu duara la uwazi la njano pembeni, laini kama pindo la wingu. Nimeandika tarehe na kilomita pembeni yake. Nitadondosha jingine kila kilomita 1,000, na karatasi zote nitazibandika ukutani gereji.

Fundi alilitazama hilo la jana muda mrefu. Kadi yenyewe, ambayo siku ile aliandika 151,200 kwa mazoea mpaka nikamwomba airekebishe iwe 160,200, bado ina namba yake ya zamani iliyokatwa kwa mstari mmoja. Akairudisha karatasi mezani, akafuta mikono.

"Bosi, ile lita iliyobaki kwenye galoni, unaiuza?"

"Siiuzi, fundi. Ni ya filta, kwenye 154,200."

Akachukua kalamu, akaiandika namba hiyo kwenye kadi, chini ya 160,200.